Kudhibiti gesi ya shale: njia nne zilizokwisha jaribiwa, na ipi inafaa kuchukuliwa

Serikali inayopokea ombi la kwanza la kutafuta gesi ya shale ina njia nne mbele yake, na zote zimeshapitiwa na wengine. Pennsylvania, Marekani, ilitoa vibali kwanza na kanuni zikafuata nyuma ya mitambo. Jirani yake New York ilichunguza kwa miaka sita kisha ikafunga mlango. Uingereza (hapa tunamaanisha England, Scotland na Wales zina uamuzi wao) iliruhusu kwa masharti, ikaweka kiwango cha tetemeko ambacho kikifikiwa pampu huzimwa. Afrika Kusini ilisimamisha maombi, ikafanya tathmini ya eneo zima la Karoo, halafu kanuni zake zikaangushwa mahakamani.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa anayelazimika kuchagua: mjumbe wa kamati ya bunge, mwanasheria mwenye rasimu mezani, diwani ambaye kata yake imo ndani ya kitalu, au shirika la wananchi lililoitwa kutoa maoni. Tunasema mapema tunakosimama. Ukali wa kanuni kwenye karatasi hauamui mengi. Kinachoamua ni kama vipimo vya awali na kikomo cha kusimamisha kazi vilikuwepo kabla ya keekee ya kwanza kugusa ardhi.

Kwa nini shale si gesi kama nyingine

Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay imo katika mwamba wa mchanga wenye vinyweleo vinavyowasiliana. Ukiutoboa, gesi hupanda kwa shinikizo lake. Shale ni tope lililogandamizwa hadi likawa jiwe, na gesi imefungiwa ndani yake. Haitoki mpaka mwamba upasuliwe. Katika shale ya Marcellus, iliyo chini ya Pennsylvania na New York, kisima hushuka wima takriban kilomita 1.5 hadi 2.5, kisha hukunjwa na kulala ndani ya tabaka kwa kilomita moja, mbili au zaidi. Sehemu hiyo iliyolala hutobolewa kipande kwa kipande kwa vilipuzi vidogo, na maji yenye mchanga na kemikali husukumwa humo kwa shinikizo kubwa. Kisima kimoja kilikuwa kikitumia lita milioni 15 hadi 20. Vya karibuni, ambavyo mkono wake ni mrefu zaidi, hutumia kupita hapo. Kampuni hupenda kusema kemikali ni nusu asilimia tu. Nusu asilimia ya lita milioni 15 ni lita 75,000, nazo hufika kijijini kwa malori.

Mwaka 2016 shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani, EPA, lilimaliza tathmini yake kuhusu maji ya kunywa. Liliona kwamba madhara hutokea katika hali kadhaa: kuchota maji mengi wakati wa ukame, kumwagika kwa kemikali au maji machafu juu ya ardhi, kisima chenye kesingi (bomba la chuma linalokinga kuta zake) au saruji mbovu, kupasua moja kwa moja ndani ya mwamba wenye maji, kutiririsha mtoni maji yasiyosafishwa vya kutosha, na kuyaweka kwenye mashimo yasiyo na utando. Angalia orodha hiyo vizuri. Sehemu kubwa ya hatari iko juu ya ardhi au kandokando ya bomba, wala si kule chini kabisa mwamba unakopasukia. Rasimu ambayo kurasa zake zote zinahusu kina cha kupasua, na ina aya moja tu kuhusu maji machafu, imelenga pasipo.

Kupima kabla: hapa ndipo wengi wanaposhindwa

Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 2012, iitwayo Act 13, haiilazimishi kampuni kupima visima vya maji vya majirani. Inatumia dhana ya uwajibikaji: maji yakiharibika ndani ya futi 2,500 (kama mita 760) za kisima cha gesi na ndani ya miezi 12 tangu kazi kufanyika, kampuni huhesabiwa kuwa ndiyo iliyosababisha mpaka ithibitishe vinginevyo. Kwa hiyo kampuni hupima zenyewe ili kujilinda. Ni kanuni ya busara na tunashauri ichukuliwe. Lakini ina matobo mawili. Data hukaa mikononi mwa kampuni, na tatizo linaloonekana mwezi wa 13 au mita 800 kutoka kisimani humrudisha mwananchi kwenye kuthibitisha mwenyewe.

Gharama ya kukosa vipimo huru ilionekana kaskazini mashariki mwa jimbo hilo, katika mji mdogo wa Dimock, ambako kisima cha maji cha nyumba moja kililipuka Januari 1, 2009. Eneo hilo lina methani ya asili kwenye maji ya ardhini, na hoja ya kwamba gesi ilikuwepo tangu zamani ilizungushwa kwa miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipochapisha vipimo vyao mwaka 2011, walikuta methani kwa wastani mara 17 zaidi kwenye visima vya maji vilivyo karibu na visima vya gesi vinavyofanya kazi kuliko vilivyo mbali. Bado wapinzani wao waliuliza swali lilelile: kabla ya uchimbaji ilikuwa kiasi gani?

Uingereza ililiziba tobo hilo. Sheria ya Miundombinu ya 2015 inadai methani ya maji ya ardhini ipimwe kwa miezi 12 kabla ya kupasua mwamba, na taasisi ya jiolojia ya nchi hiyo iliweka vituo vyake Lancashire na Yorkshire, na matokeo yakawa wazi kwa umma. Hapa Uingereza imewashinda wengine wote.

Anayetaka kuandika kifungu kama hicho akumbuke kuwa neno "vipimo" peke yake halitoshi. Sampuli ichukuliwe kwenye bomba lililo karibu zaidi na pampu, kabla ya tangi na kabla ya chujio, maji yakiwa yameachwa yatoke mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie. Chupa ya methani hujazwa ikiwa imezamishwa ndani ya ndoo ya maji yaleyale na kufungwa humohumo, bila kiputo hata kimoja, kwa sababu gesi hukimbilia kwenye kiputo na jibu la maabara hushuka. Chupa hukaa kwenye barafu, kama nyuzi 4, na fomu ya makabidhiano husainiwa kila inapopita mkono hadi mkono. Fomu ikikosekana, wakili wa upande wa pili ataiondoa sampuli yote. Vipimwe methani, ethani na propani pamoja na isotopu za kaboni, maana methani ya kinamasi haina ethani ya kutajika ilhali ile ya mwamba wa kina huja nayo. Vipimwe pia kloraidi, bromaidi, bariamu, strontiamu, jumla ya chumvi, radiamu, na benzini na jamaa zake. Irudiwe walau mara nne kwa mwaka ili masika na kiangazi vyote vionekane. Mamlaka za Marekani hutumia miligramu 10 za methani kwa lita kama kiwango cha kuanza kufuatilia, na 28 kama kiwango cha kuchukua hatua mara moja, kwa kuwa gesi inayotoka kwenye maji hayo inaweza kujaa bafuni au stoo na kulipuka.

Karoo ilikuwa na sababu nzito zaidi ya kuanza na tathmini. Miji na mashamba mengi huko huishi kwa maji ya visima, na mwamba wake umekatwakatwa na kuta za doleriti, jiwe gumu lililopanda kutoka chini likiwa limeyeyuka, ambazo kandokando yake maji hupata njia ya kupanda. Kuanzia 2015 baraza la utafiti wa sayansi la nchi hiyo, CSIR, liliongoza tathmini ya kimkakati ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 170,000. Haikuuliza kuhusu kisima kimoja. Iliweka hali tofauti mezani: utafutaji peke yake, uzalishaji mdogo wa futi za ujazo trilioni 5, na mkubwa wa trilioni 20, kisha ikapima athari ya kila hali kwa maji, barabara, afya na hata darubini za redio zilizoko Karoo. Tathmini ya mradi mmoja mmoja haiwezi kufanya hivyo. Malori ya kisima kimoja hayaonekani. Ya visima mia nne ni barabara iliyokwisha.

Kisima chenyewe

Pennsylvania inataka kesingi ya juu ishuke takriban futi 50 (mita 15) chini ya maji matamu ya mwisho, au futi 50 ndani ya mwamba mgumu, kwa kutegemea kipi kiko chini zaidi. Uingereza inataka ramani ya kisima ifike kwa mamlaka ya usalama kazini siku 21 kabla ya kuanza, na mkaguzi wa visima apitie usanifu. Udhaifu ni kwamba mkaguzi huyo hulipwa na mwenye kisima.

Kinachoharibika mara nyingi ni saruji. Tope la kuchimbia lisiposafishwa vizuri, saruji haishiki ukuta wa mwamba. Bomba lisipokaa katikati, upande mmoja hupata saruji nyembamba. Na gesi ya matabaka ya juu inaweza kujipenyeza ndani ya saruji kabla haijaganda, ikaacha mkondo. Katika malalamiko ya Dimock gesi iliyotiliwa shaka ilitoka kwenye matabaka yaliyo juu ya Marcellus. Maana yake ni kubwa kwa anayetunga kanuni za utafutaji: kisima ambacho hakijapasuliwa hata mara moja kinaweza kuchafua maji. Kwa hiyo kipimo cha sauti cha saruji (huonyesha kama imeshika) na upimaji wa shinikizo kati ya kesingi viwe sharti tangu kisima cha kwanza cha majaribio, visingoje leseni ya uzalishaji. Kabla ya hapo visima vya zamani vilivyotelekezwa vitafutwe na kuzibwa. Pennsylvania imekuwa ikichimba tangu kisima cha mafuta cha Titusville mwaka 1859, na mashimo yake ya kale ni njia ya mkato ya gesi kupanda juu.

Maji machafu

Maji yanayorudi kutoka Marcellus yanaweza kupita miligramu 200,000 za chumvi kwa lita. Bahari ina kama 35,000. Yana bariamu, strontiamu, bromaidi na radiamu, na hutoka kwa miaka yote kisima kinapofanya kazi.

Miaka ya mwanzo Pennsylvania iliyapeleka kwenye mitambo ya manispaa ambayo haiwezi kuondoa chumvi. Bromaidi ikaongezeka mtoni, na mitambo ya maji ya kunywa ilipotia klorini, bromaidi hiyo ilisaidia kuunda kemikali zenye hatari ya saratani. Mwaka 2011 jimbo liliomba, kwa maneno tu, kampuni ziache. Katazo la nchi nzima la kuyapeleka kwenye mitambo ya manispaa lilikuja mwaka 2016. Mwaka 2013 watafiti wa Duke walikuta radiamu kwenye tope la kijito kilicho chini ya mtambo mmoja wa kusafishia maji hayo, magharibi mwa jimbo, ikiwa kama mara 200 ya ile ya juu ya mtambo.

Baada ya hapo maji mengi yalianza kutumika tena kwenye visima vipya, jambo jema ila lina mwisho: uchimbaji ukipungua hakuna pa kuyatumia. Mengine yalipelekwa Ohio kudungwa ardhini, na mkesha wa mwaka mpya wa 2012 mji wa Youngstown ukatikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 4.0 lililohusishwa na kisima cha kudungia. Oklahoma ilipata la 5.8 huko Pawnee Septemba 2016, nalo lilihusishwa na kudunga maji machafu.

Uingereza ilikataza mabwawa ya wazi, ikataka matangi yaliyofungwa na kibali cha taka za mionzi. Ni sawa, na hakuna cha kupunguza hapo. Kwa nchi isiyo na mtambo wa kusafisha maji ya aina hii, swali la kuuliza siku ya kwanza ni hili: maji ya kisima namba moja yataenda wapi, kwa lori la nani, na nani atapima uzito wake kutoka na kuingia? Kama jibu halipo, kibali kisiwepo.

Matetemeko: kikomo kimoja, tafsiri mbili

| Mahali | Njano: endelea kwa tahadhari | Nyekundu: simamisha |
|---|---|---|
| Uingereza | 0 hadi 0.5 | 0.5 |
| Fox Creek, Alberta, Kanada | 2.0 | 4.0 |

Kila nambari moja juu ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo kati ya nyekundu hizo mbili kuna tofauti ya nishati ya zaidi ya mara laki moja. Kikomo cha Uingereza kilizaliwa Preese Hall karibu na Blackpool, ambako kupasua mwamba mwaka 2011 kulileta tetemeko la 2.3 na jingine la 1.5, na kesingi ya kisima ikakutwa imepoteza umbo lake. Sekta ililalamika kwamba 0.5 ni kidogo mno. Lakini Agosti 26, 2019, huko Preston New Road, tetemeko la 2.9 lilitokea zaidi ya siku mbili baada ya pampu kuzimwa. Hilo ndilo jambo la kujifunza: taa nyekundu haizuii tetemeko linalochelewa. Kikomo huwekwa chini sana kuliko kiwango kinachoogopwa ili kubaki na nafasi. Novemba 2019 serikali ilisitisha kazi zote. Serikali ya waziri mkuu Liz Truss iliruhusu tena Septemba 2022, na mrithi wake Rishi Sunak alirudisha zuio mwezi uliofuata. Taa hizi hazina maana bila mtandao wa vipima-tetemeko unaoweza kusikia 0.5, na vipima hivyo havipaswi kuwa vya kampuni peke yake.

Afya na umbali

Pennsylvania inataka futi 500 (mita 152) kati ya kisima na nyumba, na 1,000 kutoka vyanzo vya maji ya umma. Mwaka 2020 baraza la uchunguzi la jimbo hilohilo lilipendekeza futi 2,500. Colorado ilichagua 2,000 (mita 610) mwaka huohuo, ikiacha milango kadhaa ya msamaha. Mwaka 2023 tafiti za Chuo Kikuu cha Pittsburgh zilikuta pumu ikizidi makali kwa watu walio karibu na visima vinavyozalisha, na limfoma (saratani ya tezi) kwa watoto waishio ndani ya maili moja ikiwa mara 5 hadi 7. Uhusiano na leukemia (saratani ya damu) haukuonekana. Kwa wafanyakazi adui wa kwanza ni vumbi la mchanga wa silika: taasisi ya afya kazini ya Marekani ilipima sampuli 116 katika maeneo 11, na karibu nusu zilipita kiwango cha kisheria, baadhi kwa kiasi ambacho barakoa za kawaida hazikutosha kumkinga mtu.

New York haikusubiri takwimu hizo. Desemba 2014 kaimu kamishna wake wa afya, Howard Zucker, hakudai kwamba madhara yamethibitishwa yote. Alisema ushahidi uliopo hautoshi kuonyesha usalama, na mpaka utoshe kazi isiendelee. Ni msimamo mgumu kuupinga.

Nani ana mamlaka, na nani analipa akiondoka

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini ilifuta kanuni za 2015 kwa sababu waziri wa madini alijichukulia mamlaka ya mazingira yasiyo yake. Miaka ya kazi ikapotea kwa kosa la saini. Pennsylvania ilijaribu kuzinyang'anya serikali za mitaa haki ya kupanga ardhi yao, na mahakama ya juu ya jimbo ikakataa Desemba 2013. New York, mahakama ya juu iliupa mji wa Dryden haki ya kupiga marufuku mwaka 2014. Andika kabla ya yote nani anasaini nini, na sauti ya halmashauri iko wapi.

Kuhusu dhamana, Act 13 imeweka kilele cha dola 600,000 kwa kampuni hata iwe na visima vingapi. Ikiwa na 300, ni dola 2,000 kwa kisima, ilhali kuziba kisima kirefu hugharimu mara nyingi ya hizo. Dhamana iwe kwa kila kisima, ya fedha taslimu au benki, na isirudishwe mpaka shinikizo lipimwe miaka kadhaa baada ya kuziba. Kitu kizuri cha Act 13 ni ada ya athari ambayo sehemu yake kubwa huenda kwa wilaya na miji yenye visima. Imekusanya zaidi ya dola bilioni 2.

Basi uchukue ipi

Nchi yenye maabara yenye ithibati, vipima-tetemeko vyake na wakaguzi wa kutosha ichukue kiunzi cha Uingereza, iongeze umbali wa Colorado bila misamaha, dhana ya uwajibikaji ya Pennsylvania iliyopanuliwa, na ada ya athari. Nchi kame inayotegemea maji ya visima ianze kama Afrika Kusini, tathmini ya eneo zima kabla ya leseni yoyote, ikiwa imeshamaliza suala la mamlaka ya mawaziri. Pennsylvania kwa ujumla wake isichukuliwe.

Tahadhari moja kwa wote: leseni ya utafutaji mara nyingi humpa anayegundua haki ya kuomba uzalishaji, na mikataba mingi ya petroli huwa na kifungu cha uthabiti kinachozuia sheria mpya kuibana kampuni. Masharti ya mazingira yasipokuwemo siku ya kusaini utafutaji, baadaye yatakuja na bili ya fidia.

Na nchi ambayo haina wakaguzi, haina maabara na haina pa kupeleka maji machafu ichukue ya New York, tena iandike vizuri zaidi. Marufuku ya jimbo hilo, iliyoingia kwenye sheria mwaka 2020, ilitaja kupasua kwa maji ya galoni 300,000 au zaidi, kama lita milioni 1.1. Uingereza nayo ilitumia mita za ujazo 1,000 kwa hatua moja au 10,000 kwa jumla. Kipimo cha namna hiyo humwonyesha mwekezaji pa kupita: atumie maji chini kidogo ya hapo, au aache maji kabisa. New York ililazimika kurudi Desemba 2024 kukataza kupasua kwa kaboni dioksidi. Kifungu kitaje tendo lenyewe, kupasua mwamba wa shale kwa shinikizo la kimiminika, povu au gesi yoyote na kwa kiasi chochote, na kiorodheshe vipimo vitakavyotakiwa kuwepo siku bunge litakapotaka kukifungua.